Baiskeli ya njia za vumbi kwa aliyevuka miaka 50: jinsi ya kuchagua iliyo nafuu, isiyosumbua na inayokutosha

Makosa ni yale yale kila mwaka. Mtu amestaafu au anakaribia, daktari amemwambia aufanyishe mwili kazi, magoti yamekataa kukimbia. Anaingia dukani na kutoka na baiskeli ya gia inayong'aa, yenye shokomzoba mbele na nyuma. Mwezi wa pili imeegemezwa ukutani, matairi yamekaa chini, na usukani umegeuka kamba ya kuanikia taulo.

Watu husema amekuwa mvivu. Mara nyingi si uvivu. Baiskeli ilikuwa ndefu kuliko mikono yake, gia yake nyepesi zaidi haikuwa nyepesi, na kitu cha kwanza kilichoharibika hakikuwa na spea mtaani.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuendesha kwenye changarawe, njia za mashambani na vijia vya msituni, si kwa anayetaka kuruka mawe. Kanuni inayotawala hatua zote ni hii: usihesabu baiskeli ina nini, hesabu ina vitu vingapi ambavyo fundi wa karibu nawe hawezi kuvitengeneza. Vikizidi viwili, iache hapo hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda sokoni

- Futi ya kupimia ya fundi cherehani, na kitabu chenye jalada gumu
- Rula ya sentimita 30 yenye upande wa inchi
- Spana za L za milimita 4, 5 na 6
- Tochi ndogo (ya simu inatosha) na kitambaa kikavu
- Pampu, kwa sababu baiskeli za mtumba karibu zote hukutwa hazina upepo
- Viatu utakavyoendeshea, si kandambili
- Saa moja na nusu isiyo na haraka, mchana, pasipo mvua

Kama una presha, kisukari au umewahi kubanwa kifua, muone daktari kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajue kuwa pigo la kichwa kwake ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anajisikia mzima.

## Hatua ya 1: Amua njia kabla ya baiskeli

Toka nje uangalie njia utakayopita mara tatu kwa wiki. Usichague baiskeli kwa ajili ya ile safari ya Lushoto ya mara moja kwa mwaka.

Changarawe ngumu na vumbi vinahitaji tairi la upana wa inchi 1.95 hadi 2.1. Mchanga mwingi, kama ule wa vichochoro vya Pwani, unadai 2.2 au zaidi, la sivyo gurudumu la mbele linazama na usukani unajipinda wenyewe. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni habari nyingine kabisa: ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na foki (uma unaoshika gurudumu) mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo unataka nafasi ya angalau kidole kimoja kila upande wa tairi, na hata hivyo siku ya mvua ni afadhali ubaki nyumbani.

Ukiweza, kodi kabla ya kununua. Msitu wa Karura jijini Nairobi una baiskeli za kukodi, na Hell's Gate karibu na Naivasha ni moja ya hifadhi chache ambako mgeni anaruhusiwa kuingia kwa baiskeli. Saa mbili juu ya baiskeli ya kukodi zitakuonyesha saizi yako kuliko maneno ya muuzaji.

Ukishafaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja utapita wapi, umbali gani, na kilima kirefu zaidi kiko wapi.

## Hatua ya 2: Pima mwili wako nyumbani

Vua viatu, simama mgongo ukigusa ukuta. Weka kitabu katikati ya miguu, kingo yake ikiwa juu, ukivute juu mpaka kikubane kama vile umekalia kiti cha baiskeli. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Huo ndio urefu wa ndani wa mguu wako.

Tuseme ni sentimita 78. Namba hiyo inakupa mambo mawili.

Kwanza, bomba la juu la fremu, pale unaposimama ukilipanda, lisizidi sentimita 73. Zile 5 zilizobaki ni za usalama siku mguu utakapokosa ardhi ghafla. Kwa mtu wa miaka 60 hilo si jambo la starehe. Kuangukia bomba ni jeraha.

Pili, zidisha 78 kwa 0.883. Unapata takribani 69. Hizo ni sentimita kutoka katikati ya ekseli ya pedali (ile ya kwenye fremu, inayobeba mikono yote miwili ya pedali) hadi juu ya kiti, kwa mwendeshaji aliyezoea. Wewe anza na 66, yaani shusha sentimita 3, ili vidole na sehemu ya unyayo viguse chini ukiwa umekaa. Utapandisha taratibu baada ya wiki chache.

Fanya na jaribio la nyonga. Simama kando ya kiti cha kulia chakula, uinue mguu wa kulia juu ya mgongo wake bila kushika kitu. Ikishindikana, au ukiyumba, tafuta fremu ambayo bomba lake la juu limeshuka chini sana. Watu huziita baiskeli za kike. Chuma hakina jinsia, na mzee anayepanda bila kuyumba hufika mbali kuliko anayelinda heshima ya bomba.

## Hatua ya 3: Gawanya pesa kabla muuzaji hajaziona

Katika kila elfu kumi ya bajeti, elfu saba tu ziende kwenye baiskeli. Tatu zilizobaki ni za helmeti, kufuli, pampu, tyubu mbili za akiba, na matengenezo ya mwanzo.

Matengenezo ya mwanzo si hiari. Baiskeli ya mtumba karibu daima inataka waya mpya za breki na gia pamoja na maganda yake, raba za breki, grisi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na mara nyingi mnyororo. Anayemaliza pesa zote kwenye kununua huendesha kitu kibovu tangu siku ya kwanza, halafu hulaumu baiskeli.

Helmeti iwe na alama ya EN 1078 au CPSC ndani yake, yaani viwango vya usalama vya Ulaya na Marekani. Usinunue helmeti ya mtumba. Ikishagonga mara moja, povu lake hubonyea ndani na halirudi, na kwa nje huoni kitu.

## Hatua ya 4: Chagua umbile

Hapa ndipo pesa huokolewa au kupotea, kwa hiyo tusiende mbio.

Shokomzoba ya nyuma: hapana. Ile ya bei ya chini ni springi tupu. Haina cha kuituliza, kwa hiyo kila unapokanyaga pedali inabonyea na kula nguvu yako. Inaongeza uzito, na maungio yake yana bushi ambazo hupati spea. Ile nzuri ipo, ila bei yake ni ya pikipiki.

Foki ya mbele: ngumu ya chuma, au shokomzoba rahisi iliyo hai. Foki ngumu haina cha kuharibika, na tairi pana lenye upepo sahihi huchukua mitetemo mingi ya changarawe. Ukipewa yenye shokomzoba, shika breki ya mbele uegemee usukani kwa uzito wako wote. Iende chini laini na kurudi laini. Ikiganda, ikilia kama bawaba, au mabomba yake yakiwa na kutu mahali yanapoingia kwenye mihuri, ihesabu kama foki ngumu nzito.

Fremu: chuma au alumini, lakini jua tofauti. Chuma kikipasuka, mchomeleaji anaweza kukiokoa. Alumini iliyopasuka ikichomelewa mtaani hupoteza nguvu kandokando ya kiungio na itakatika tena, pengine mteremkoni. Anayeishi karibu na bahari aangalie kutu ndani ya bomba la fremu linaloingiza kiti. Chumvi ya Dar, Mombasa au Unguja hula kwa ndani kabla haijaonekana kwa nje.

Magurudumu: inchi 26 ndiyo salama ya mtu wa bajeti. Yale ya 27.5 na 29 yanapita mashimo kwa ulaini zaidi, hilo ni kweli, lakini tairi na tyubu za 26 utazipata hata mji mdogo. Ukikaa jiji kubwa, 29 ni chaguo zuri kwa mtu mrefu.

Tahadhari ambayo imewapotezea wengi pesa: si kila 26 ni 26. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ya baiskeli ya gia huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.1, na kando yake kuna namba inayoishia 559. Zile za mjini kutoka Japani huandikwa 26 x 1 3/8, na namba yake huishia 590. Ni tofauti ya milimita 31 za kipenyo. Tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine hata ukilipiga nyundo. Na ukinunua ile ya 590, matairi mapana ya njia za vumbi hutayapata.

Gia: gawanya, usihesabu. "Gia 21" haisemi lolote. Hesabu meno ya sproketi (duara la meno linaloshika mnyororo) ndogo kabisa ya mbele, ugawanye kwa meno ya sproketi kubwa kabisa ya nyuma. Jibu likiwa chini ya 0.8, vilima vya kawaida utavipanda umekaa. Chini ya 0.7, magoti yatakushukuru.

Mifano: 22 mbele na 28 nyuma ni 0.79. Kwa magurudumu ya 26, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, bila kulazimisha goti. Sproketi moja ya 32 mbele na 42 nyuma ni 0.76. Lakini 38 mbele na 28 nyuma ni 1.36, hiyo ni ya lami tambarare, na kilimani utashuka uisukume.

Sproketi moja mbele na tisa nyuma ni rahisi kwa anayeanza, maana mkono mmoja tu ndio unaofanya kazi ya gia. Tatu mbele na saba au nane nyuma ni nafuu zaidi, na mnyororo wake, ambao ni ule ule kwa gia 6, 7 na 8, unapatikana kila mahali. Kwa bajeti ndogo, chukua ya tatu kwa nane, uizoee sproketi ya kati, na ile ndogo uiachie vilima.

Sproketi za nyuma: chukua kaseti, inayochomekwa juu ya habu, si friwili ya kufungia kwa uzi. Kwenye friwili, gololi za upande wa kulia zimekaa mbali na ncha ya ekseli, kwa hiyo mtu wa kilo 85 kwenye mashimo huipinda au kuivunja ekseli ya nyuma. Kutambua: zungusha sproketi za nyuma kinyumenyume ukitazama katikati, kwenye meno madogo ya kuingizia spana. Yakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Yakibaki yametulia, ni friwili. Mwepesi wa kilo 60 anaweza kuishi na friwili; mzito asijaribu.

Breki: inategemea vidole vyako. Breki za V, zile za mikono miwili inayobana rimu, ndizo fundi yeyote anazijua. Zinatosha kwa vumbi, ila tope lenye mchanga husaga rimu. Breki za diski za waya hufaa palipo na tope. Za mafuta ni laini kuliko zote, na mwenye baridi yabisi ya vidole azifikirie kwa makini, kwa sharti kwamba mjini kwake kuna fundi anayejua kuzitoa hewa. Za Shimano hutumia mafuta ya madini. Fundi akikumiminia mafuta ya breki ya gari humo, mihuri inavimba na breki imekufa.

## Hatua ya 5: Ikague kwa utaratibu

Muuzaji atasema: "Mzee, hii ni Japani safi, haijaguswa." Mwitikie kwa adabu, kisha uinamie baiskeli. Usianze kwa bei. Anayeuliza bei kabla ya kukagua ameshajiuzia mwenyewe.

1. Fremu. Ipangusie kwa kitambaa, umulike tochi nyuma ya shingo ya fremu, chini ya bomba la chini, kuzunguka ekseli ya pedali, na mahali gurudumu la nyuma linapofungwa. Ufa huonekana kama unywele mweusi kwenye rangi, mara nyingi kando ya mchomeleo. Rangi iliyokunjamana chini ya shingo maana yake baiskeli iligonga ukuta. Yote mawili: ondoka.

2. Bomba la kiti. Lifungue ulizungushe. Lisipozunguka, alumini na chuma vimeshikana kwa kutu, na kiti hicho kitabaki kwa urefu huo milele. Angalia pia mstari wa mwisho wa kuvuta; ukilazimika kuuvuka ili kufikia kipimo chako, fremu ni ndogo.

3. Shingo ya usukani. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikigusa kiungio cha juu cha shingo. Ukisikia "tok", inacheza. Kisha inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukinasa katikati kana kwamba umetumbukia kwenye kijishimo, vikombe vya gololi vimechimbika.

4. Mikono ya pedali. Ishike yote miwili uitikise kulia na kushoto. Ikicheza pamoja, ni gololi za kati, zinatengenezeka. Ukicheza mmoja tu, tundu lake limelika; dai punguzo la bei ya mkono mpya.

5. Magurudumu. Yainue uzungushe. Rimu ikiyumba chini ya milimita 3, fundi ataiweka sawa. Ikiruka juu na chini, imebonyea. Binya spoku mbili mbili. Zilizolegea zikizidi nne, kuna tatizo zaidi ya spoku. Kama breki ni za V, pitisha ukucha mahali raba inapogusa. Rimu iwe bapa. Ikiwa na shimo kama kijiko, imelika na inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi.

6. Mnyororo. Huu ndio ukaguzi unaookoa pesa nyingi kwa sekunde chache. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja. Kwenye mnyororo mpya, pini nyingine huangukia inchi 12 barabara. Ikipita kwa milimita 1.6 hivi, mnyororo unakaribia mwisho. Ikipita kwa milimita 3, mnyororo umekwisha pamoja na kaseti yake, kwa sababu mnyororo uliorefuka husaga meno yakawa kama mapezi ya papa. Hapo dai punguzo la vyote viwili.

7. Mkono wa gia wa nyuma. Simama nyuma ya baiskeli ukiangalia kwa jicho moja. Ule mkono unaoning'inia uwe wima chini ya sproketi. Ukiinamia kwenye spoku, kining'inizo (kipande kinachoushikilia kwenye fremu) kimepinda. Hicho hunyooshwa, lakini kabla hakijanyooshwa usithubutu kuweka gia nyepesi: mkono utaingia kwenye spoku na kukata gurudumu lote.

8. Foki. Usicheke. Baiskeli mpya za bei ya chini huuzwa mara kwa mara zikiwa zimefungwa foki nyuma-mbele. Mkunjo wa foki uelekee mbele.

Baiskeli mpya haikwepi orodha hii. Nyingi zimefungwa kwa haraka, habu zimekazwa kupita kiasi na grisi ni ya kulambishwa tu.

Ukishafaulu: una karatasi yenye orodha ya kasoro na gharama zake. Sasa ndipo unauliza bei. Mkikubaliana, piga picha namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali, na uandikiwe risiti yenye namba hiyo, jina na simu ya muuzaji. Baiskeli isiyo na risiti ikidaiwa na mwenyewe, hasara ni yako.

## Hatua ya 6: Ijaribu kwa dakika 15

Kabla hujaondoka, bonyeza breki ya kulia uone gurudumu lipi linashikwa. Kwenye baiskeli za Japani na Uingereza, kulia ni mbele. Zinazotoka bara la Ulaya na Marekani, kulia ni nyuma. Mtumba huchanganya zote kwenye kontena moja, na mtu anayevuta breki ya mbele mteremkoni akidhani ni ya nyuma hurushwa juu ya usukani. Mwambie fundi abadilishe waya zikae unavyotaka wewe.

Endesha kwenye tambarare ubadilishe gia zote. Kisha tafuta kilima kifupi, weka gia ya kati, ukanyage kwa nguvu. Mnyororo ukiruka "krak", sproketi zimekwisha, hata kama rula ilikudanganya.

Funga breki ukiwa mwendo wa mtu anayekimbia. Baiskeli isimame ndani ya urefu wa gari dogo, bila kukupinda upande. Mwisho, panda na ushuke mara tano. Ukichoka kwenye kupanda tu, jibu umelipata.

## Hatua ya 7: Ikae mwilini mwako

Weka kiti kwa kile kipimo chako cha Hatua ya 2 (66 kwa mfano wetu), kikiwa bapa. Pua ya kiti ikiinuka, sehemu za siri zinakufa ganzi. Ikishuka, uzito wote unaangukia viganjani.

Maumivu mbele ya goti mara nyingi yana maana kiti kiko chini mno. Maumivu nyuma ya goti, kiko juu mno. Badilisha kwa nusu sentimita kila mara, uendeshe siku mbili, ndipo uguse tena. Watu hupandisha sentimita 3 kwa pigo moja, kisha hawajui kilichowaponya wala kilichowaumiza.

Usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Baiskeli nyingi za gia za miaka ya 1990 zina shingo (kile kipande kinachobeba usukani) ndefu ya milimita 120 hivi, iliyowafaa vijana wa mashindano. Mgongo wa miaka 60 huupinda kama upinde. Kubadilisha na fupi ya milimita 60 hadi 80, inayopanda juu, ni matengenezo ya bei ndogo yenye faida kubwa kuliko yote. Kwenye mikono ya breki kuna skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani. Isogeze mpaka vidole viwili vinaifikia bila kunyooka.

Fundi akifunga pedali, simama karibu. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Fundi mwenye haraka akiilazimisha, uzi wa mkono wa alumini unakwenda, na mkono haurudi.

Ukishafaulu: baada ya nusu saa huna ganzi mikononi, unaangalia mbele bila kukaza shingo, na unaposimama mguu unafika chini bila kuutafuta.

## Hatua ya 8: Upepo, miiba na mafuta

Mtu wa kilo 75 kwenye tairi la 26 x 2.1 lenye tyubu: mbele PSI 30 (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu), nyuma 34. Ukizidi kilo 90, ongeza 4 au 5. Vijana wa pampu hupenda kujaza mpaka tairi liwe jiwe, 55 na kuendelea. Kwenye changarawe tairi hilo linadunda na kuteleza, na viwiko vyako vinalipa.

Palipo na migunga, miiba ni ya hakika. Nunua tyubu zenye valvu nene kama ya gari, zile ambazo moyo wa valvu unafunguka, umimine utomvu wa kuziba pancha, takribani mililita 120 kwa kila tyubu. Miiba midogo itazibwa unapoendelea kuzunguka. Beba hata hivyo tyubu moja, viraka, solusheni na vipande viwili vya kubanulia tairi. Unapokuta mwiba, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote kabla ya kuweka tyubu mpya. Mwiba wa pili huwa upo.

Mnyororo hauhitaji mafuta mengi. Tone moja kwa kila kiungo, zungusha nyuma mara kumi, subiri dakika tano, kisha ufute nje mpaka kitambaa kinatoka karibu kikavu. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi hukupaka kwa ukarimu, hushika vumbi ikawa msasa, na msasa huo unakula zile sproketi ulizozilipia.

Baada ya kilomita 50 za kwanza rudi kwa fundi. Akaze mikono ya pedali, shingo ya usukani na spoku, na avute waya, maana maganda mapya hujipanga na kulegea. Kila baada ya miezi mitatu toa bomba la kiti, lifute, ulipake grisi, ulirudishe kwenye alama yako. Weka alama hiyo kwa kuzungushia mkanda wa umeme kabla ya kulitoa.

Rula ile ile uliyokwenda nayo sokoni iache kwenye begi la spana. Pima mnyororo kila mwanzo wa mwezi, na siku ukiweka mpya, iandike tarehe kwenye kipande cha mkanda chini ya kiti, ili fundi mwingine asikuambie umekwisha kabla haujaisha.